Watazamaji Walionyimwa Filamu

Anayesoma historia ya filamu za hadithi za kisayansi hakutani na sauti ya mtazamaji wa Katanga, nchini Kongo. Kimya hicho kinashangaza, kwa maana mkoa huu ulikuwa ndani ya hadithi zenyewe. Mwaka 1914 H. G. Wells aliandika riwaya yenye mabomu ya atomu, na mwaka 1936 riwaya yake nyingine ikatengenezwa filamu, Things to Come, inayoonyesha jiji likiteketezwa na ndege za vita. Tangu mwaka 1921 mawe ya urani yalikuwa yakichimbwa Shinkolobwe, karibu na Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa kampuni ya madini ya Union Minière alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Katanga. Ni nani aliyestahili kuulizwa maoni yake kuhusu filamu ya namna hiyo kuliko mchimbaji?

Hakuulizwa, na sababu ilikuwa sheria. Mwaka 1945 serikali ya Kongo ya Kibelgiji iliamuru kwamba Mwafrika asionyeshwe filamu ambayo haijaidhinishwa kwa ajili yake. Watawala walidai kwamba Mkongo hatofautishi picha na ukweli, na kwamba akiona Mzungu akiiba au akiua kwenye skrini heshima ya utawala itaporomoka. Hofu hii ya pili inaiumbua ile ya kwanza: anayeogopa hukumu ya mtazamaji amekwisha kukiri kwamba mtazamaji huyo anahukumu. Wapo wanaosema kwamba filamu za mafunzo zilizotengenezwa na wamisionari ziliwafaa watu wa makambi ya wafanyakazi. Huenda zingine ziliwafaa, lakini kumchagulia mtu filamu zote si kumfundisha kutazama.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba mtazamaji huyo anahukumu ni kazi ya watu wa Lubumbashi walipoishika kamera na jukwaa wenyewe. Mwaka 1986 kundi la maigizo la Mufwankolo, likiigiza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, lilichukua methali isemayo kuwa madaraka huliwa yote, likaibishania na kuijenga kuwa mchezo wa televisheni bila maandishi ya awali. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatilia kazi hiyo na kuiandikia kitabu. Hapo kila mwigizaji alikuwa pia mkosoaji. Utasema huo ulikuwa mchezo wa mfalme na kijiji, si wa sayansi. Ni kweli. Lakini mwaka 2019 Frank Mukunday na Tétshim walitengeneza filamu ya Machini hapa hapa Lubumbashi, kwa chaki na mawe, wakionyesha jinsi viwanda na uchafu wake vinavyowageuza wakazi kuwa kama mashine. Hilo ndilo swali la hadithi za kisayansi tangu zamani, na safari hii limeulizwa na watu wanaoishi chini ya moshi wenyewe.