Upasuaji wa Hadubini, si Upasuaji Mdogo

Upasuaji wa hadubini ni kazi ya kuunga mishipa ya damu na neva zenye upana wa milimita moja hivi, daktari akitazama kupitia hadubini. Ndio unaowezesha kidole kilichokatika kurudishwa mahali pake, au kipande cha ngozi na nyama kuhamishwa kutoka pajani pamoja na mishipa yake ili kuziba jeraha la mguuni. Tafsiri inayojitokeza upesi kwa jina la Kiingereza la kazi hii, "microsurgery", ni "upasuaji mdogo", na wako wanaoitetea katika vikao vya istilahi kwa hoja kwamba ni fupi.

Ufupi huo ni wa hatari. Hospitalini "upasuaji mdogo" una maana yake tayari: kutumbua jipu, kutoa kivimbe chini ya ngozi, mgonjwa akarudi kwake siku hiyohiyo. Kurudisha vidole kunaweza kukesha. Mkulima wa Ikinga, wilayani Ileje, aliyekatwa vidole na mashine, akisomewa "upasuaji mdogo" katika fomu ya ridhaa, ataweka sahihi akidhani anatoka jioni. Kabla ya fomu kuna safari. Kidole kilichofungwa kwa kitambaa safi chenye unyevu, kikatiwa kwenye mfuko mkavu na mfuko huo ukawekwa juu ya barafu, huweza kusubiri hadi saa 24 hivi. Bila kupozwa, muda huo hupungua kwa nusu au zaidi. Mkono uliokatika juu ya kiwiko, wenye misuli mingi, una takriban saa 6. Kutoka milima ya Ileje hadi hospitali ya rufaa ya kanda jijini Mbeya kuna mwendo, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800. Anayesoma "mdogo" kwenye barua ya rufaa hapewi sababu ya kuharakisha.

Kosa linatokana na kufasiri kiambishi "micro-" badala ya dhana. Kigiriki "mikros" ni -dogo, lakini Julius Jacobson, aliyelipa jina hilo nguvu mwaka 1960 katika Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, hakuwa akieleza udogo wa operesheni. Alikuwa ameunga mishipa ya milimita 1.4 kwa kutumia hadubini, chombo ambacho Carl-Olof Nylén alikwisha kukitumia katika upasuaji wa sikio huko Stockholm mwaka 1921. Kidogo ni kile kinachotazamwa. Kiswahili kinacho chombo hicho kwa jina: "darubini" ilitoka Kiajemi, "dur" ikiwa mbali na "bin" ikiwa mwenye kuona, na kwa mwisho huohuo wa -bini kukapatikana "hadubini", ambayo mwanafunzi wa sekondari anaifahamu. Neno "upasuaji" ndilo lenye dosari ya kweli. Kigiriki "kheirourgia", asili ya "surgery", ni kazi ya mkono tu, ilhali "upasuaji" hutokana na kupasua, na hapa shughuli kubwa ni kuunga. Hata hivyo neno hilo limekwisha kuzoeleka mno kubadilishwa, wala halimdanganyi mgonjwa.

Washindani wengine hawasimami. "Upasuaji wa matundu madogo" ni wa tumboni, kwa kamera. "Upasuaji wa vishipa" huacha neva nje. "Maikrosajari" humnyima msikilizaji maana yoyote. Pingamizi moja tu linastahili jibu: wapo madaktari wanaotumia miwani ya kukuzia badala ya hadubini. Lakini hata wao kwa kawaida wamejifunzia kwenye hadubini, na jina hufuata chombo kilichoizaa kazi.

Mafunzo yenyewe yanaithibitisha istilahi. Mkurufunzi wa upasuaji rekebishi huanza kwa kurekebisha hadubini na kutuliza vigasha juu ya meza ili vidole visitetemeke. Hushona kwanza kipande cha glavu, kisha mrija wa silikoni, kisha ateri ya paja la kuku wa sokoni. Ndipo panya aliyelazwa kwa nusukaputi, ambaye ateri ya paja lake ina takriban milimita moja. Nyuzi za nailoni ni za namba 10-0, nyembamba kuliko unywele. Kosa linaloogopwa zaidi ni sindano kushika ukuta wa pili wa mshipa na kuufunga, na macho matupu hayalioni. Ndiyo maana mkufunzi huukata mshipa uliokwisha kushonwa na kuukagua kwa ndani. Alexis Carrel, aliyeeleza ushonaji wa mishipa kwa nyuzi tatu za kushikilia mwaka 1902 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, alijifunza ustadi wa sindano kwa fundi wa tarizi mjini Lyon. Mkono huo unafundishika, na kuku hupatikana Tunduma kama wanavyopatikana London. Kilicho adimu ni hadubini na saa za mkufunzi.

Kimatumizi: upasuaji wa hadubini, mpasuaji wa hadubini, maabara ya upasuaji wa hadubini. Kihusishi "wa" kisiachwe, kwa kuwa "upasuaji hadubini" husikika kana kwamba hadubini ndiyo inayopasuliwa.