LUCY LAMECK NA WANAFUNZI WETU WA UUGUZI (Sehemu ya 3)

Mama zangu na dada zangu wa Mamboya, na nyie kina baba vijana mnaobeba watoto kliniki (nawaona, hongereni), leo tumzungumzie Lucy Lameck.

Alizaliwa 1934, Njoro kule Moshi. Akasomea uuguzi, halafu akakataa kuufanya. Wala si kwamba kazi ilimshinda, hakutaka kutumika chini ya mfumo wa kikoloni. Na mfumo huo mwanafunzi aliuona kabla hajafungua daftari. Dar es Salaam, Ocean Road ilikuwa hospitali ya Wazungu, Mwafrika akatibiwa Sewa Haji. Yaani jengo tu linakuambia wewe ni wa daraja gani.

Akajifunza ukatibu muhtasi, akafanya kazi chama cha ushirika KNCU, akaingia TANU. Kisha akaenda Ruskin, Oxford, chuo cha watu wazima waliokosa nafasi ya kusoma. Mwaka 1960 yuko bungeni, na baadaye akawa waziri mdogo, hadi Wizara ya Afya yenyewe! Kichwa ni kilekile. Mazingira ndo yalibadilika.

Sasa njoo kwetu. Jirani hapa Berega kuna chuo cha uuguzi, na wanafunzi utawakuta wodini. Anayesimamishwa pembeni wiki nzima ashike trei tu, siku akipewa sindano mkono unatetemeka. Anayeachiwa kumpima mtoto, akaweka alama kwenye kadi na kukueleza mstari unapanda au unashuka, mkubwa wake akiwa nyuma yake, huyo anajiamini mapema.

Ila kinachonitisha mimi ni kufokewa. Mwanafunzi akifokewa kila akiuliza, ataacha kuuliza. Na siku akiona dozi ya mwanao haijakaa sawa, atanyamaza.

Mama, una haki ya kuuliza msimamizi wake yuko wapi, na hata kumkataa. Hilo usiogope. Lakini "niletee nesi wa kweli" mbele ya foleni nzima, hapana. Muulize jina lake, yuko mwaka wa ngapi, na anataka kumfanyia nini mtoto. Akijibu vizuri umejua uko mikono salama, akikwama msimamizi atasikia.

Sehemu ya 4 nitaandika kuhusu wakunga wa jadi, kwa hiyo bibi zetu waambieni wakae tayari.