Namna ya kuandika alama za muziki katika waraka wa kawaida

Walimu wengi wa kwaya nchini Kenya, Uganda na Tanzania huandaa karatasi za nyimbo kwa programu zile zile zinazotumika kuandikia barua. Tatizo huzuka pale alama ya muziki inapokosekana kwenye kibodi, au inapogeuka kisanduku kitupu katika simu ya mpokeaji. Mwimbaji asiyeiona alama hiyo huimba sauti isiyo yake, na upatano wa kwaya huharibika.

Namba ya kila alama

Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, unazo pia alama za muziki. Alama ya kupandisha sauti kwa nusu hatua (♯) ni 266F, ya kushusha (♭) ni 266D, na ya kurejesha sauti ya asili (♮) ni 266E. Mwaka 2001 ziliongezwa alama nyingine nyingi, ikiwemo ufunguo wa G, wenye namba 1D11E.

Katika Microsoft Word kwenye Windows, mwandishi huandika namba hiyo kisha hubonyeza Alt na X kwa pamoja. Iwapo namba inafuata herufi kati ya A na F, sharti aache nafasi kwanza na kuiondoa baadaye, la sivyo kompyuta huihesabu herufi hiyo kuwa sehemu ya namba. Kwenye simu, njia nyepesi ni kunakili alama kutoka waraka mwingine na kuibandika.

Wengi hutumia # badala ya ♯. Hizo ni alama mbili tofauti: katika ♯ mistari ya wima husimama wima kabisa, na ile ya kukata hupanda kuelekea kulia.

Njia ya solfa

Kwaya nyingi za ukanda huu husoma solfa, iliyoenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa Afrika na wamisionari. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao lahani yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania, aliandika kwa mfumo huo.

Solfa huandikwa kwa d, r, m, f, s, l na t, pamoja na nukta, nukta pacha na vistari, hivyo kibodi ya kawaida yatosha. Hata sauti iliyopandishwa huandikwa kwa herufi: fa ikipandishwa huwa fe. Ugumu wake ni kupanga mapigo ya sauti zote nne yalingane. Jedwali hufaa kuliko kuacha nafasi kwa kukisia.

Kabla ya kutuma

Waraka uliokamilika huhifadhiwa kama PDF yenye fonti zake ndani, ili alama zibaki kama zilivyo. Hata hivyo, nakala moja ichapishwe na kukaguliwa kabla ya kugawiwa waimbaji.