Dungu

Dungu (wingi: madungu) ni jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya ardhi, ama kwa nguzo zake lenyewe ama kwenye panda za mti ulio hai, ambapo mtu hukaa akilinda shamba au akivizia wanyama. Hupandwa kwa ngazi, na mara nyingi huezekwa kipaa cha makuti. Jina lake la pili ni ulingo, na mahali pa kulindia huitwa pia lindo. Katika visiwa vya Lamu na bara inayovikabili, kuanzia Witu na Mkunumbi hadi Kiunga, dungu ni chombo cha mkulima kuliko cha mwindaji. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua dungu ambalo mtu atalikalia usiku kucha bila kuumia na bila kusinzia.

Neno ulingo limehama shambani. Leo msikilizaji wa redio akilisikia huwaza ndondi au siasa, na wengi wanaolitumia hawajapata kuona ulingo wa mtama. Neno kidato nalo lina safari kama hiyo: kabla ya kuwa darasa la shule ya sekondari, lilikuwa chale anayoikata mkwezi kwenye shina la mnazi apate pa kukanyaga. Kazi ya kukaa juu na kufukuza ndege ina kitenzi chake, kuamia, na mwenye kuamia hakupanda na mikono mitupu. Alikuwa na kombeo na rundo la mawe au madonge ya udongo mkavu, pengine na debe la kugonga, au kamba ndefu zilizotoka dunguni hadi pembe za shamba, zimefungwa makopo, akivuta huku mlio unatoka kule.

Shamba lililohitaji dungu lilikuwa ng'ambo. Wakulima wa Pate, Siyu na Faza walivuka kwa mashua hadi bara, wakafyeka msitu, wakachoma, wakalima mtama, mahindi na ufuta kwa misimu michache, kisha wakauacha udongo upumzike na kufyeka kwingine. Kwa hiyo kila konde jipya lilikuwa kisiwa kidogo cha chakula kilichozungukwa na msitu pande zote. Mchana walikuja ndege, nyani na tumbili. Usiku nguruwe, nyati na ndovu. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960, kati ya serikali ya Kenya na waasi wa kaskazini-mashariki, vilivihamisha vijiji vingi vya Wabajuni, wenyeji wa pwani hii, kutoka bara hiyo, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Miaka ya 1970 skimu ya makazi ya Ziwa Kenyatta ilileta wakulima wapya Mpeketoni, kando ya ziwa lenye viboko. Watu wamebadilika, mazao yamebadilika, lakini mwenye mahindi yanayokaribia kukomaa bado ana swali lile lile: atakesha wapi?

Hapa ndipo dungu la mlinzi linapoachana na la mwindaji, na ni muhimu kulielewa hilo kabla ya kukata hata mti mmoja. Mwindaji anajificha. Anataka mnyama asimwone, asimsikie, na zaidi ya yote asimnuse, kwa hiyo hukaa upande ambao upepo unatoka kwa mnyama kuja kwake. Mlinzi anataka kinyume chake. Kikohozi chake ni silaha, moshi wa kijinga chake ni silaha, na harufu ya mwili wake ikimfikia nguruwe kabla hajatoka msituni basi nusu ya kazi imekwisha. Wakati wa kusi, ambapo mazao ya masika yanakomaa na upepo unavuma kutoka kusini, shamba lenye msitu upande wa kaskazini hulindwa vizuri na dungu lililowekwa kusini au katikati, ili upepo upite kwa mtu kwanza ndipo uende msituni. Kaskazi ikianza kuvuma, mpango huo hugeuka. Anayejenga bila kuuliza upepo anajenga kiti tu.

Urefu hutegemea adui. Kwa ndege yatosha mtu aone juu ya masuke, na kwa kuwa mtama wa kienyeji humpita mtu mrefu, sakafu ya dungu huwekwa meta 2 hadi 3 kutoka ardhini. Kwa nguruwe urefu huo unatosha pia. Ndovu ni jambo jingine. Dume hupita meta 3 begani na mkonga wake hufika juu zaidi, tena nguzo nne zilizochimbiwa kwenye mchanga hazimzuii. Penye ndovu, busara ni kutumia mti mkubwa ulio hai, au kutolala shambani kabisa na kutegemea njia nyingine, kama ua wa mizinga ya nyuki unaotumiwa na wakulima wa Sagalla, Taita Taveta. Urefu peke yake haumkingi mtu. Unamwongezea tu umbali wa kuanguka.

Kwa miti ya kujengea, Lamu imejaliwa. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti hii, na lugha ya biashara yake inampangia mjenzi kazi: fito ni nyembamba, pau zinafuata, kisha boriti, kisha nguzo. Nguzo huchimbiwa ardhini, boriti hulazwa juu yake, pau hutandazwa kuwa sakafu, fito hufanya kizuizi na paa. Mti wa mkoko haushambuliwi upesi na mchwa, nao huvumilia mvua. Ila ukataji wake si wa holela: unahitaji kibali, na marufuku ya ukataji miti iliyotangazwa nchini Februari 2018 iliigusa mikoko pia. Viungo hufungwa kwa kamba ya makumbi ya nazi. Kamba hiyo ina faida ambayo msumari hauna. Mti ukitikisika kwa upepo, kamba hukubali kidogo na kurudi, ilhali msumari hutanua tundu lake kila siku hadi siku moja unatoka. Na chumvi ya hewa ya Lamu haisamehi chuma.

Starehe katika dungu hupuuzwa, na wanaoipuuza huiita uvivu. Si uvivu. Mlinzi aliyekaa vibaya hufanya moja kati ya mawili: hushuka kunyoosha miguu au hujipinda hadi usingizi umchukue, na kundi la nguruwe halihitaji zaidi ya saa moja kufanya shamba la miezi minne kuwa mabua yaliyolala. Kwa hiyo kiti kinastahili kupewa muda kuliko sehemu nyingine yoyote. Sakafu ya pau tupu huuma mapaja kabla ya usiku wa manane. Kiti kinachofaa ni fremu ya pau nne iliyosukwa kamba au miaa, kama kinavyosukwa kitanda cha kamba: uzi mmoja juu, mmoja chini, ukivutwa kila mara hadi ulie ukipigwa kidole. Kikilegea katikati, mgongo hupinda na kiuno huanza kuuma, kwa hiyo kamba hukazwa upya kila baada ya wiki chache.

Miguu nayo ina haki yake. Makali ya kiti yakibonyeza nyuma ya mapaja huku nyayo zikining'inia, damu hupita kwa shida na miguu hufa ganzi. Mtu mwenye ganzi akisimama ghafla juu ya jukwaa la meta 3, ngazi hana haja nayo tena. Mafundi wa Lamu walilijua jambo hili katika kazi nyingine kabisa. Kiti cha enzi, fahari ya sebule za waungwana wa Amu, yaani mji wa Lamu, ni kiti kirefu chenye paneli za kamba zilizosukwa, na mbele yake kina kibao cha kuwekea miguu, kwa sababu aliyekikalia hafikishi nyayo sakafuni. Dungu la mkulima halina mpingo wala pembe, lakini pau moja iliyofungwa mbele ya kiti kwa kimo cha kufikiwa na nyayo hufanya kazi hiyo hiyo.

Kizuizi cha fito kizunguke pande tatu, kwa kimo cha kifua cha mtu aliyeketi, nacho kifungwe kwa ndani ya nguzo, si kwa nje, ili uzito wa anayeegemea ukisukume kwenye nguzo badala ya kukivuta kutoka kwenye kamba. Paa la makuti lichomoze mbele, maana mvua ya kusi huja kwa ubavu. Lisishuke sana, lisimzibe mlinzi asione anga wala asiweze kuzungusha kombeo.

Ngazi ndiyo sehemu inayoumiza watu. Ikisimama wima mno humrudisha mpandaji nyuma; ikilala mno huteleza miguuni. Kipimo kinachotumiwa na wajenzi duniani kote ni kwamba kwa kila meta 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae meta 1 kutoka ukutani au shinani. Vipago viachane kwa sentimeta 30 hivi, na ngazi ipite juu ya sakafu ya dungu kwa vipago viwili au vitatu, mtu apate pa kushika anapogeuka kushuka. Kosa la kawaida ni ngazi inayoishia sawa na sakafu: kupanda ni rahisi, lakini kushuka gizani ni kutafuta kipago kwa kidole cha mguu huku mikono imeshika hewa. Anayepanda asibebe kitu mkononi. Mzigo hupandishwa kwa kamba baadaye.

Mti hai nao uchunguzwe kabla ya kupewa dhamana. Mwembe na mkorosho hutoa kivuli kizuri, na kwa sababu hiyo hiyo hupendwa na majimoto, sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Mtu akitaka kujua kama mti unafaa, asimame chini yake robo saa na kuweka kiganja kwenye shina. Tawi lililokauka, ufa kwenye panda, au nyuki wanaoingia tunduni, kila kimoja ni sababu ya kutafuta mti mwingine.

Uwindaji wenyewe ulikuwepo. Waboni, wanaojiita Aweer, waliishi kwa kuwinda kwa upinde na mishale ya sumu na kwa kurina asali katika misitu ya Boni na Dodori. Frederick Jackson, aliyekuja kuwa gavana wa Uganda, alifika Lamu mwaka 1884 kwa ajili ya kuwinda. Mwaka 1976 misitu hiyo miwili ilitangazwa kuwa hifadhi za taifa, na mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Kwa wageni marufuku hiyo ilikuwa mwisho wa mchezo. Kwa Aweer chakula cha jana kikawa kosa la leo, na ni haki kusema kwamba mzigo haukugawanywa sawasawa. Dungu la kuvizia nyama halina nafasi kisheria Lamu leo. Dungu la kulinda mazao linaruhusiwa, mradi mlinzi afukuze, asiue. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inampa haki ya kudai fidia mazao yanapoharibiwa, na familia ya aliyeuawa na mnyama iliwekewa shilingi milioni 5. Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Mpeketoni ya Juni 2014, amri ya kutotoka nje usiku iliwekwa Lamu. Wavuvi wa usiku walilia nayo zaidi, lakini usiku ndio saa ya dungu pia.

Hatari ya mtu aliye juu ya mti inajulikana katika fasihi ya Lamu. Katika utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Amu mwaka 1913, maadui wa shujaa huyo wanapanga kikoa cha makoma: kila mmoja apande mkoma kwa zamu, na zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu, asipoweza kujitetea. Liyongo hapandi. Anatoa mshale wake na kuyaangusha makoma akiwa chini.

Kwingineko dungu limekua kuwa nyumba. Hoteli ya Treetops, iliyofunguliwa mwaka 1932 juu ya mgumo katika msitu wa Aberdare karibu na Nyeri, ilianza kama kijumba cha kutazamia wanyama usiku, kikipandwa kwa ngazi. Binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alipolala humo Februari 1952, usiku aliogeuka malkia, aliandamana na mwindaji Jim Corbett, ambaye huko India alikesha mara nyingi juu ya miti; chui mla watu wa Rudraprayag alimpiga risasi akiwa juu ya mwembe mwaka 1926. Marekani nako wawindaji wa kulungu hununua viti vya chuma au alumini vilivyoungwa na ngazi, vya meta 4.5 hadi 6, vingi vikiwa na kikomo cha kilo 136. Kuanguka kutoka vitini humo ni miongoni mwa sababu kuu za majeraha ya wawindaji wao, ndiyo maana mkanda wa usalama hufungwa mtini tangu mtu akiwa ardhini. Mkulima wa Hindi au Mkunumbi, huko Lamu, anaweza kulichukua hilo bila kununua kiti: kamba imara kifuani, iliyofungwa kwenye shina juu ya kichwa, fupi kiasi cha kumzuia asipite ukingo akisinzia.

Mavuno yakiisha, dungu halibomolewi siku hiyo hiyo. Maboga na kunde zilizopandwa katikati ya mtama hubaki nyuma, na tumbili wanalijua hilo. Baadaye kamba hukatwa, pau hufungwa mizigo, na nguzo hutikiswa hadi zing'oke. Ngazi hurudi nyumbani, kwa sababu ngazi iliyoachwa shambani hukutwa imeliwa na mvua kwa ndani, ikionekana nzima.