Ukuta na Maji katika Delta ya Rufiji

Katika delta ya Mto Rufiji hakuna desturi ya kuchimba chumba chini ya nyumba. Maji yako karibu mno na uso wa ardhi, na masika yakikolea mto hupanda na kutandaa bondeni. Vita kati ya ukuta na unyevu hapa hupiganwa kwenye msingi, na historia yake ni historia ya nyumba yenyewe.

Wandengereko, Warufiji na Wanyagatwa walikaa karibu na maji kwa hiari. Mafuriko huacha tope lenye rutuba linalootesha mpunga, na yakipungua hupandwa mazao ya mlau kwenye unyevu uliobaki. Aliyetaka shamba hilo alijenga nyumba inayokubali kulowa. Nguzo za mikoko zilichimbiwa, fito zikafungwa kwa kamba, ukuta ukakandikwa udongo na paa likaezekwa makuti au nyasi. Upenu ulitokeza nje kuzuia mvua isipige ukuta. Chini yake palishindiliwa baraza ya udongo, ambayo watu huikumbuka kama mahali pa mazungumzo tu, ingawa kazi yake nyingine ilikuwa kubwa vilevile: ndiyo iliyopokea matone yanayoruka kutoka ardhini na kuukinga mguu wa ukuta. Udongo hunywa maji na kuyatoa jua linapowaka. Sehemu iliyoliwa ilikandikwa upya baada ya masika, na matengenezo hayo ya kila mwaka hayakuhesabiwa kuwa hasara.

Miti hiyo ya mikoko ilikwenda mbali. Majahazi yalibeba boriti za Rufiji hadi Unguja, Arabuni na Ghuba, na upana wa vyumba vingi vya nyumba za mawe za Unguja ulifuata urefu wa boriti. Delta yenyewe haikujenga kwa mawe, kwa kuwa ardhi yake ni tope na mchanga ulioletwa na mto. Mawe ya matumbawe na chokaa vilikuwa vya visiwani, kama yanavyoonyesha magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani, Mafia, na yale ya Kilwa Kisiwani.

Shambani palikuwa na jibu la werevu zaidi: dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Mkulima alilala humo msimu mzima akiwinga ndege na kufukuza nguruwe, na maji yalipojaa alishuka moja kwa moja kwenye mtumbwi. Ukuta wa dungu haukugusa ardhi, kwa hiyo unyevu haukuwa na njia ya kupanda.

Mambo mawili yaliyokaribiana yalibadili mwelekeo. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza uzalishaji. Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya, na Serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, iliyohamishia wakazi wengi wa bondeni kwenye vijiji vya ujamaa katika ardhi ya juu. Wengi waliendelea kurudi bondeni kulima, na dungu likabaki. Kijijini, tofali za saruji na bati vilienea polepole, na kwenye barabara ya Kibiti ndivyo vinavyotawala leo. Mwaka 1987 ukataji wa mikoko ulipigwa marufuku nchini, na nguzo ya zamani ikawa adimu zaidi.

Tofali la saruji lilidhaniwa kuwa limemaliza tatizo, lakini hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Likifyatuliwa kwa mchanga au maji yenye chumvi, chumvi hiyo huendelea kuvuta unyevu. Lipu ngumu ya saruji nayo hulifungia maji ndani, mpaka ibanduke yenyewe.

Chanzo husomeka ukutani. Alama inayokwenda usawa karibu na sakafu, ikiwa na unga mweupe juu yake, ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Doa la upande mmoja linalokua wakati wa mvua ni upenu mfupi au ardhi inayoinamia nyumba. Penye shaka hubandikwa kipande cha nailoni kwa siku moja au mbili: maji yakitokea nyuma yake yametoka ukutani, yakitokea mbele ni ya hewa ya chumbani.

Tiba hufuata chanzo. Kwa nyumba mpya, karatasi ya nailoni hutandikwa juu ya msingi kabla ya tofali za ukuta, na sakafu huinuliwa. Kwa iliyokwisha kujengwa, ardhi huinamishwa kuelekea nje, mfereji wa kokoto huchimbwa, bati hurefushwa, na lipu iliyooza hubanduliwa ili ya chokaa ichukue nafasi yake. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha maeneo ya Rufiji na Kibiti, haraka ya kupaka rangi ilikuwa kishawishi kikubwa. Ukuta uliolowa hivyo huhitaji miezi ya jua na upepo kwanza, na chumvi inayojitokeza hupigwa brashi kavu, kwani ikioshwa hurudi ndani.