Pistoni Iliyotoboka

Katika gereji za Dodoma ulikuwapo ubishi usiokwisha: gari la kushindana vumbini lifungwe injini ya namna gani, na linyweshwe mafuta gani? Mimi niliuingia mwaka 1984, kwa gari la baba yangu. Naomba msomaji anivumilie nikianzia mbali kidogo.

Mashindano ya Safari yalianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen iliyompa Vic Preston ushindi mwaka 1954 ilikuwa na injini ndogo inayopozwa kwa upepo. Haikuwa na rejeta, wala haikuomba maji. Mtu wa Ugogoni hahitaji kuelezwa thamani ya jambo hilo. Mwaka 1956 ikashinda DKW ya silinda tatu, ambayo petroli yake ilichanganywa na oili kama ya pikipiki. Wenye injini kubwa walicheka, nadhani, hadi walipokwama. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7, mbele yao Peugeot 404. Kisha mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, dereva wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, wakashinda mara mbili mfululizo kwa 404. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6 tu.

Jina la Shankland ndilo lililoniponza, kwa kuwa baba naye alikuwa na 404.

Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini inavuta pungufu kwa kama sehemu moja ya kumi, na gari linakuwa zito mlimani. Dawa niliyoisikia ni kuisaga silinda hedi, ili mchanganyiko wa hewa na petroli ubanwe zaidi. Mbano ukizidi, nguvu huzidi. Lakini petroli nayo lazima iwe imara, isije ikajilipua kabla ya wakati wake.

Fundi mzee niliyempelekea alinikatalia. "Mwanangu, petroli ya kubeba mbano huo utaipata wapi?" Swali lilikuwa la haki. Miaka ile petroli ilikuwa ya foleni, na iliyouzwa kichochoroni mara nyingi ilikuwa imetiwa mafuta ya taa, ambayo hayavumilii kubanwa. Nikaenda kwa kijana mwingine, akaisaga. Baba sikumwambia.

Kwa wiki tatu gari liliruka kama swala. Sikujua kwamba wembamba wa hewa ya Dodoma ndio uliokuwa ukinifichia kosa: hewa pungufu, mbano pungufu.

Ndipo kaka yake baba akafariki Morogoro. Tuliondoka alfajiri, baba kando yangu, na dumu la petroli ya kichochoroni nyuma. Tulipopita Gairo tukateremka kuelekea Dumila, ambako hewa ni nzito na joto kali. Injini ikaanza kugonga, sauti kama ya kokoto ndani ya kopo. Ningepunguza mwendo. Sikupunguza, maana maziko yalikuwa saa saba. Mara moshi, kisha kimya.

Lori lilitufikisha Morogoro magharibi. Kaburi lilikuwa limekwisha fukiwa. Baba alisimama pale muda mrefu, kofia mkononi, bila kuniuliza kitu.

Yule fundi mzee ndiye aliyelifungua gari. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupita kidole. Akafunga pistoni nyingine na kuweka gasketi mbili chini ya hedi ili kuurudisha mbano ulikotoka. Baba akauliza gharama, akalipa, akaichukua ile pistoni iliyotoboka na kuiweka dirishani, sebuleni. Ilikaa pale hadi alipofariki. Wageni walipouliza ni nini, alisema ni ya gari, akawakaribisha chai.