Si Kila Shimo ni la Volkano: Kazi ya Eugene Shoemaker

Leo naanza kwa kuungama kosa. Juzi binti yangu alirudi kutoka ziara ya shule huko Nakuru, nami kwa kujitia ujuaji nikamwambia kuwa lile bonde la Menengai lilichimbwa na nyota iliyoanguka. Akanitazama kwa huruma. "Baba, ile ni volkano iliyobomoka." Alisema kweli. Menengai, Longonot na hata Ngorongoro ya jirani zetu Tanzania zote ni kazi ya moto wa chini ya ardhi. Haya ilinishika, nikakaa kusoma.

Nilichokuta ni kwamba zamani wataalamu wenyewe walikosea kama mimi, ila kosa lao lilikuwa kinyume cha langu: mashimo yaliyopigwa kutoka juu waliyaita ya volkano. Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuwatoa katika kosa hilo ni Mmarekani Eugene Shoemaker, mwanajiolojia aliyezaliwa mwaka wa 1928.

Maneno kwanza

Asteroidi ni mwamba unaolizunguka jua, mdogo kuliko sayari. Kometi, yaani nyota yenye mkia, ni bonge la barafu na vumbi ambalo likikaribia jua hutoa mkia. Kimondo ni kipande kinachoingia katika hewa ya dunia kikawaka. Utotoni, barazani kwetu, bibi yangu alikuwa akituambia kuwa kimondo ni mwenge wa kumfukuzia shetani. La imani nawaachia masheikh. Mimi leo nasema la mawe.

Shimo la Arizona

Katika jimbo la Arizona kuna shimo lenye upana wa kilomita 1.2 na kina cha mita 170 hivi. Mwaka wa 1891 mwanajiolojia mashuhuri, Grove Karl Gilbert, alilichunguza akaamua kuwa ni mlipuko wa mvuke wa volkano. Daniel Barringer hakukubali. Kuanzia mwaka wa 1903 alichimba akitafuta bonge la chuma aliloamini limezama chini. Alifariki mwaka wa 1929 bila kulipata, kwa sababu kimondo chenyewe, kwa kasi yake, sehemu kubwa kiliyeyuka na kutawanyika kilipopiga.

Shoemaker alikuja mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo alikuwa amechunguza mashimo yaliyoachwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia jangwani Nevada. Alipochora ramani ya shimo la Arizona, aliona jambo lile lile: ukingoni, matabaka ya mawe yamepinduka, la chini likawa juu, kama mkeka uliokunjwa nyuma. Kisha mwaka wa 1960 yeye na wenzake, Edward Chao na Beth Madsen, wakatangaza kuwa mawe ya pale yana koesiti, madini yanayohitaji mgandamizo mkubwa mno kupatikana. Volkano haina nguvu ya kuyatengeneza juu ya uso wa ardhi. Kimondo kinayo.

Koesiti hiyo hiyo ilipatikana Ujerumani, katika bonde la Ries lenye upana wa kilomita 24, ambalo nalo liliitwa la volkano. Ndani ya bonde hilo umo mji wa Nördlingen, na kanisa lake kubwa limejengwa kwa jiwe lililozaliwa na kishindo hicho. Sisi tuliojenga misikiti na majumba kwa mawe ya matumbawe tunaelewa: watu huishi ndani ya historia ya ardhi yao bila kuitambua.

Mwezi alioukosa

Shoemaker alitamani kwenda mwezini. Maradhi ya Addison, yanayoharibu tezi za juu ya figo, yakamzuia. Hakususa. Aliwafundisha wanaanga wa Apollo kusoma mawe, akiwapeleka katika shimo lile lile la Arizona.

Mkewe, Carolyn, alianza kazi ya darubini akiwa na miaka 51, baada ya kulea watoto, na akavumbua kometi 32. Machi 1993, wao wawili na David Levy waligundua kometi iliyokuwa imevunjika vipande vipande. Julai 1994 vipande hivyo viliipiga Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, vikaacha madoa meusi, mengine yakikaribia upana wa dunia yetu. Hapo hakuna aliyeweza tena kusema kuwa haya ni mambo ya kale tu.

Shoemaker alifariki katika ajali ya gari tarehe 18 Julai 1997, huko Australia, akiwa safarini kuchunguza mashimo. Carolyn aliumia lakini akapona. Sisi Waislamu maiti wetu tunamzika, hatumchomi. Wao walimchoma, na sehemu ya majivu yake ikapelekwa na chombo cha Lunar Prospector, kilichoanguka mwezini tarehe 31 Julai 1999.

Yatuhusu nini?

Tanzania, huko Mbozi, kuna kimondo cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi. Kwa hiyo mawe ya angani yamefika kwetu pia. Na tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha NASA kiitwacho DART kiligonga kwa makusudi asteroidi ndogo ya Dimorphos, na muda wake wa kuzunguka asteroidi mwenzake ukapungua kwa takriban nusu saa. Yaani jiwe likionekana mapema, huenda likasukumwa kando. Elimu hiyo ilianzia kwa watu walioinama kutazama mawe ya ukingoni.

Binti yangu nimemwomba radhi. Ngoja ngoja yangu ya kujua kila kitu imenitosha. Wakati mwingine atakaporudi ziarani, nitamwachia yeye anisimulie.